Jozi

Nilitumwa kupima visima, si watu.
Begini vichupa arobaini
na vijikaratasi vinavyogeuka rangi
maji yakiwa yameingiwa na mbolea.
Veaceslav, dereva, akaniambia tukiwa njiani:
"Visima utaviona vingi kuliko wanywaji."
Nikadhani ni mzaha wa madereva.

Kandokando ya barabara, mijozi mitupu,
mashina yamepakwa chokaa hadi magotini
mithili ya watoto waliovalishwa soksi.
Kwetu neno ni moja tu: jozi ni kokwa hii
yenye ganda gumu na sura ya ubongo,
na jozi ni vitu viwili visivyoachana,
viatu, hereni, ng'ombe wa jembe.

Nyumba ya kwanza: bati jekundu jipya,
madirisha bado yana karatasi za dukani,
getini tausi wawili wa chuma. Hamna mtu.
Ya pili vivyo hivyo, ila kufuli ni kubwa zaidi.
Ya tatu, mbwa.
Ya nne akatoka Evdochia, miaka sabini na tisa,
gambuti miguuni, kitambaa cha maua kichwani.
Akanitazama usoni kwa kitambo, kisha viatuni.
"Na huyu," akamuuliza Veaceslav,
"mama yake anaogeshwa na nani?"

Sikujibu. Nilijishughulisha na kichupa.

Binti yake Liuba yuko Brescia, mwaka wa kumi na moja,
anamwogesha bibi wa Kitaliano
aliyesahau vyote isipokuwa jina la bintiye,
na Liuba huitikia jina hilo.
"Basi yule ana mabinti wawili," alisema Evdochia,
"wangu yumo kwenye simu."
Alivyolisema, ungedhani anataja bei ya vitunguu.

Mtandao hukamata mahali pamoja tu,
juu ya pipa, nyuma ya banda la kuku.
Mjukuu wake Sandu ndiye aliyepagundua.
Kila saa mbili usiku bibi hupandishwa kwanza.

Shuleni vyumba ni kumi na viwili, vitatu vina moto.
Mwalimu Parascovia hufundisha hesabu, historia na kuimba;
Alhamisi hufungua posta.
Ukutani, ramani waliyochora watoto:
Padova, Lisboni, Dablini, Moskva,
kila mji na pini, kila pini na uzi
unaorudi hapa, kijijini Valea Nucilor.
Nilihesabu nyuzi thelathini na moja.
Wanafunzi ni ishirini na sita.

Karatasi ikageuka, nyekundu ya tofali.
Nikamwambia Evdochia: maji haya si salama.
Akacheka mpaka akashika ukingo wa kisima.
"Kila aliyeyanywa ameondoka!
Kumbe ndiyo dawa yake!"
Kisha akateka, akanywa,
akanimiminia nami. Nikanywa. Matamu.

Jumapili likaja basi dogo la Italia.
Lilipokea matango ya siki, divai kwenye chupa za soda,
soksi za sufu, bata aliyenyonyolewa,
likashusha kahawa, sabuni,
na kiti cha magurudumu, kimetumika, kizima.
Bibi wa Brescia amefariki;
familia imempa Liuba kiti, na wiki mbili.
Evdochia hakukikalia. Alikipakia ndoo mbili
akakisukuma matopeni, kinalia.

Mama yangu anaogeshwa na Mwasiti, wa Kondoa.
Hulipwa kwa simu kila tarehe tano.
Naye ana mama, nadhani. Sijawahi kuuliza.

Siku ya kuaga, Evdochia alinijaza jozi mfukoni,
akazihesabu upya, akaondoa moja.
Shufwa, alisema, hupelekewa wafu;
aliye hai hupewa witiri.

Uwanja wa ndege afisa akaupapasa mfuko:
ni nini hizi?
Neno la kwao lilinipotea.
Jozi, nikamwambia.
Kumi na tisa.