Daftari la Time

Madaftari thelathini na nane juu ya kitanda cha kamba.
Umeme wa Langoni umekatika mara ya pili tangu isha,
nasahihisha kwa tochi ya simu.
Zoezi la sita: penye sentensi kamili tia vema,
penye kipande andika K, kisha ukikamilishe.

Asubuhi niliwaambia: Kiingereza ni mgeni mwenye masharti.
Kwetu neno moja latosha. Amekuja.
Mtu yumo, wakati umo, tendo limo,
sambusa iliyofungwa pembe zote tatu.
Kwao ukilitaja tendo peke yake watakuuliza: nani?
Na ukimtaja mtu peke yake: enhe, kafanyaje?

Athumani kadhani urefu ni ukamilifu.
Punda wa babake, wa kijivu, wenye mizigo ya saruji
kutoka gatini mpaka Mkomani, kila siku, hata siku ya mvua,
kisha nukta.
Walifanya nini, Athumani?
Wamesimama kichochoroni hadi sasa, saruji mgongoni.
Mwanamkuu kaandika maneno mawili tu, punda na mlio,
nami kitandani nikausikia.

Kigumu ni "bikozi".
Mtu yupo, tendo lipo, ila likitangulia neno hilo
sentensi nzima huinua mguu kizingitini
na isiutue.

Nafika kwa Time Fumo.
(Ti-me. Mkaguzi kutoka bara alilisoma kama saa,
darasa likavunjika mbavu, yeye akatazama dirisha.)
Kumi kwa kumi. Kila K mahali pake.
Ila mistari ya kukamilishia ameiacha mitupu,
na chini kabisa, kwa penseli:

*Mwalimu, Jumatatu uliniuliza mbona sikuja.
Nikajibu: bikozi mama.
Hukuniuliza mama kafanyaje.*

Kweli, sikuuliza.
Nilimwona ukanda wa sare umefungwa upande,
kucha zina unga wa mahamri ambayo si yeye hukanda,
nikasema, kaa, fungua ukurasa wa arubaini.

Kalamu nyekundu imening'inia.
Kanuni ni kanuni, na mtihani ni Novemba.
Naandika pembeni, kwa Kiswahili: Nilielewa.
Nalihesabu neno lenyewe. Mtu. Wakati. Tendo.

Daftari la ishirini na tatu.