Sifuri ya Mashine Namba Saba

Dundee, Desemba. Jua limeaga saa tisa na nusu mchana
bila hata kuvua koti.
Dobi la sarafu la Hilltown linanuka sabuni na sufu iliyolowa.
Zamu yangu ni mpaka saa nne usiku,
na daftari la chuo nimelilaza juu ya kikaushio
maana hapo ndipo penye joto.

Swali: tafuta uhamo wa pembe
wa gurudumu ambalo kasi yake haitulii.

Haitulii! Kwani ipi imewahi kutulia?
Jana nilikosea. Nilichukua kasi kubwa kuliko zote
nikaizidisha kwa sekunde zote,
kama mtu anayepima mshahara wa mwaka kwa wiki ya sikukuu.
Mwalimu Imrie akachora mstari mwekundu, hakusema neno.
Basi nikajiandikia dawa nyuma ya boksi la sabuni:

    Kasi ikibadilika, usizidishe haraka,
    Kata muda bila shaka, vyembamba vya kukatika,
    Kimoja ukishashika, zidisha, kisha bandika,
    Jumla itayofika, ndiyo pembe ya duara.

Leo napima kwa macho. Mashine namba saba
ina ubavu mmoja uliong'oka skrubu; huo ndio alama yangu.
Umeanzia chini kabisa.
Sekunde mbili ngoma inajikusanya,
kutoka kimya hadi radiani tano kwa sekunde.
Sekunde kumi inashikilia papo hapo.
Sekunde mbili inalegea, inalegea, basi.
Nikichora napata sufuria iliyofunikwa kifudifudi mezani:
ubavuni tano, katikati hamsini, ubavuni tano.
Sitini.
Mizunguko tisa na nusu na chembe,
na kweli, ubavu mbovu umekwama karibu na juu,
unachuruzika maji.

Nashangilia peke yangu. Bi Effie Geddes
ananichungulia juu ya miwani:
"Siku, umeshinda bahati nasibu?"
(Jina langu Sikudhani. Nusu yake inamtosha.)

Kabla sijajibu, ngoma inageuka.
Mbili, kumi, mbili, kinyumenyume.
Sufuria ya pili inaning'inia chini ya mstari,
sitini ya kutoa,
na ubavu unarudi chini ulikoanzia
na uso wa mtu asiyejua lolote.

Jumla: sifuri.

Namweleza. Anasogea hadi kwenye kioo cha mlango,
anakigonga kwa pete.
"Sifuri? Tazama maji yalivyo meusi."

Yeye alisimamia pia za kusokotea juti
miaka ishirini na miwili, zote upande mmoja,
hazikurudi nyuma hata siku ya msiba wa mfalme.
Radiani zake hazihesabiki kwa kalamu yangu,
na bado anapanda ngazi zilezile alizojifunzia kutambaa.

Mimi mwezi Machi nilikwenda Korogwe kumzika mama.
Nikarudi kabla maziwa ya unga hayajaisha kabatini.
Kitanda kilekile, ufunguo uleule, basi namba ileile.
Kwa hesabu ya uhamo
sikwenda popote.

Nimekaa na sentensi hiyo
mpaka namba nne imelia na kunyamaza.
Nimegeuza ukurasa. Nimeandika, kwa herufi ndogo,
mahali ambapo Mwalimu Imrie hatasoma:
eneo la juu sitini, eneo la chini sitini,
usiyatoe. Yajumlishe.
Mia na ishirini. Hilo ndilo shati lililopitia.

Sasa namba saba imeanza kukamua.
Inapaa, sakafu inatetemeka, kikombe changu kinatembea,
na mchoro wake si wa rula tena, umepinda
kama mgongo wa paka aliyeona mbwa.
Hiyo ni mada ya wiki ijayo.
Bi Effie ananishikia kikombe.