Siku Nane Zisizomo

Kaka yangu Shaame ameandika vitabu vitatu.
Viko juu ya kabati la vyombo, hapa Utaani, Wete,
baina ya chetezo na redio isiyoshika tena.
Cha kwanza kina daraja lililovunjika,
cha pili kina mtoto na ndoo,
cha tatu hakina picha. Mchapaji aliogopa.

Mama hasomi herufi za kizungu.
Mimi ndiye humsomea, baada ya isha,
miguu yake imo kwenye beseni la maji ya chumvi.
Namsomea mabomu. Namsomea mwalimu wa hesabu
aliyewafundisha watoto kugawanya mkate
kwa idadi ya waliorudi kutoka kisimani.
Mama hatikisiki. Huuliza yake:
"Siku hiyo alikula nini?"
Haikuandikwa, Mama.
"Na shati, nani alimfulia?"
Haikuandikwa.
"Sasa kaandika nini, mwandishi huyu?"

Usiku mmoja tukafika ukurasa wa mia na kumi,
pale wanapojificha chini ya duka la mikate,
watu kumi na tisa na mbuzi mmoja,
wakimziba mbuzi mdomo kwa zamu.
"Tulikaa siku tatu," nikasoma.
Mama akautoa mguu mmoja majini.
"Rudia."
Tulikaa siku tatu.
"Mwongo."

Akaingia chumbani, nyayo za maji zikimfuata,
akarudi na mkoba wa ukili.
Ndani, stakabadhi za karafuu, misimu kenda,
zimefungwa kwa uzi wa gunia la unga.
Mbele yake chapa: kilo, daraja, bei.
Nyuma yake mkono wa Mama, herufi za chuoni,
kulia kwenda kushoto,
Kiswahili chetu kimevaa kanzu.
Kila siku aliyoikosa sauti ya mwanawe
aliitia wino.
Akazitandaza jamvini moja moja
kama agawaye karata.
"Kumi na moja. Tatu kazitia kitabuni.
Nane kaziweka wapi?"

Shaame alikuwa uani, anachambua karafuu.
Ndiyo kazi yake tangu alipoacha kusafiri:
tunda huku, konyo kule.
Sikio lake la kushoto limekufa,
watu wote huwakalisha kuliani kwake.
Lakini hili alilisikia. Vidole vilisimama.
Mimi nikangoja. Huyu si ndiye
aliyewahoji makamanda bunduki ziko mezani,
si ndiye aliyeandika kwamba ukweli ni deni,
na mdaiwa halali?
Akasema,
"Mbuzi alikufa siku ya tatu."
Akarudi kwenye konyo lake.

Mvua ndiyo iliyotuokoa.
Ilishuka bila kubisha, kama zishukavyo za vuli,
na fungu bichi liko uani, jasho la wiki nzima.
Tukakimbia sote, Mama na miguu yake mibichi,
Shaame kashika pembe mbili za jamvi, mimi pembe mbili,
hakuna aliyemtazama mwenziwe.
Karafuu ikilowa huota ukungu,
haijali nani ana jambo kooni.

Hatukumuuliza tena.
Ila siku hizi, baada ya isha, vitabu havishuki kabatini.
Shaame huja mwenyewe na kigoda chake,
hugeuza lile sikio zima.
Herufi za chuoni zilimtoka zamani,
alizipoteza njiani na mengine.
Basi Mama huvaa miwani, mguu mmoja wa waya, mmoja wa uzi,
husogeza stakabadhi karibu na taa,
na husoma kwa sauti ile ile anayohesabia vikombe:

Siku ya nne. Hakupiga. Bei ya makonyo imeshuka.

Siku ya tano. Hakupiga.
Nimepika muhogo wa nazi. Nimemwekea.

Siku ya sita. Muhogo umechacha, nimewapa kuku.
Nimepika mwingine.