Mivinje ya Upande wa Kulia

Injinia Mkilindi, mimi ndiye mbeba mfuko wako,
fimbo kumi na nne na mwavuli usiofunguka,
nawe hujawahi kuniuliza zaidi ya "Umeuona?"
Nimeuona. Umekwenda kulekule uendako kila Jumamosi:
umeanza kushoto kama mtu anayewahi Chumbageni,
kisha ukakumbuka kitu, ukapinda,
ukaishia kwenye mivinje ya upande wa kulia.

Unadhani nguvu imekupungukia.
Naona unavyouma meno, mishipa ya shingo ikitutumka,
unavyoikaba fimbo kana kwamba unaidai kodi.
Ngazi za kiwanda cha saruji umezipanda miaka ishirini,
mapaja unayo, kifua unacho.
Nguvu ipo, bosi wangu.
Njia ndiyo haipo.

Fimbo yako inashukia nje,
inakatiza mbele ya mpira ikirudi tumboni kwako
kama mkono unaozoa makombo mezani.
Mwendo kidogo unasukuma,
uliobaki unauzungusha mpira bure,
nao ukishazungushwa hivyo hupanda, hupepea,
hutua hoi kabla ya safari.

Ningekwambia.
Lakini kedi hulipwa kwa macho.

Kabla ya mfuko nilishika kwanja,
kule Pongwe, kati ya mistari ya mkonge,
ngwe mbili kwa siku, ukizimaliza.
Sikuwa nazimaliza.
Nilipiga kutoka juu, kwa hasira, bega likitangulia,
kwanja likala udongo, likala jiwe,
ganzi ikapanda hadi kwenye kiwiko.
Mstari wa pili alikuwa Mwanamkasi,
mimba ya miezi sita, kanga kaifunga chini ya tumbo,
na saa nne asubuhi ameshaniacha ngwe nzima.

Nikaacha kumtazama, nikamsikiliza.
Kwanja lake kimya nyuma ya mgongo,
kimya likipita karibu na paja,
nyonga imeshageuka, mkono bado unasubiri zamu yake,
halafu mara moja tu, chini, usawa wa mguu wa kushoto:
fyuu.
Majani yakalala yenyewe.
Langu lilikuwa linalia begani.
"Wewe," akasema bila kugeuka,
"mshahara unaumaliza tarehe tano."

Yako nayo inalia begani, Injinia.
Ikifika kwenye mpira haina hata nauli.

Basi Jumatatu, siku yetu makedi,
umande bado mbichi, kunguru wawili kwenye bendera,
nimeazima fimbo namba tano ya Shemweta,
mpini umefungwa mpira wa baiskeli.
Nikasimama palepale ulipoacha alama ya viatu vyako.
Nayajua yote: ishuke kutoka ndani, nyuma ya nyonga,
itoke kuelekea kulia kidogo, kiwiko kiguse ubavu,
usiharakishe, kasi ni ya mwisho.
Nayajua kama njia ya chooni usiku.

Ila Shemweta akacheka na kusema,
"Mpite bosi wako leo."

Sijui kilichoniingia.
Bega likatangulia. Meno yakaumana.
Fimbo ikalia juu kabisa, karibu na sikio,
na mpira ukaanza kushoto,
ukakumbuka kitu.

Nilikwenda kuutafuta peke yangu.
Chini ya mivinje hapakui nyasi,
ni sindano kavu tu, laini, zinazomeza sauti ya miguu.
Niliukuta umeegemea mzizi,
na shubiri moja kando yake, umefunikwa nusu,
wako wa Jumamosi,
wenye herufi M ya kalamu nyekundu.

Nikavitia vyote viwili mfukoni, vikagongana.
Jumamosi ukiniuliza "Umeuona?"
nitafungua mdomo.
Nitaanzia kwenye wangu.