Fomu ya Kurasa Mbili

Tukuyu, mwezi wa saba. Ukungu umeingia mpaka kwenye korido,
nasi tumekaa kwenye benchi, mimi na mwanangu,
yeye kafumba mdomo kama mfuko wa mbegu.

Binti mwenye koti jeupe ana kalamu na fomu.
"Ni maswali tu, baba, ya hii miezi mitatu.
Jibu: hapana, mara chache, mara kwa mara, kila siku."

*Mtoto ameumwa na meno?*
Asubuhi, maji ya bomba la Isyonje yakimgusa.
Usiku, akilalia shavu la kushoto.
Andika kila siku.

*Ameshindwa kula?*
Sisi ni watu wa viazi, dada. Viazi vikipondwa anakula.
Ila hindi la kuchoma hulishika mpaka lipoe,
kisha humpa mbuzi
na kusema ameshiba.

*Ameshindwa kutamka maneno?*
Jina lake Tusekile. Kwa Kinyakyusa: tumecheka.
Mama yake alilichagua baada ya kuzika wawili.
Tangu jino livunjike hulitamka "Tuthekile",
na chekechea nzima ikaangua kicheko,
kicheko cha jina lake, kisicho chake.
Siku hizi mwalimu akiita, hunyoosha kidole tu.

*Ameepuka kucheka?*
Alikuja mpiga picha shuleni.
Wenzake wote meno nje, yeye kiganja mdomoni.
Nimelipa shilingi elfu mbili
kwa picha ya kiganja.

Majirani waliniambia: "Ambwene, hayo meno ya utoto,
yataota mengine."
Yataota, najua.
Lakini nani anatafuna leo kwa jino la mwaka keshokutwa?
Na bibi yake, akimenya ndizi, hata hakugeuka:
"Jino la pembe si dawa ya pengo."
Mpaka leo sijajua kama alinifariji au alinisuta.
Kipande kilichobaki kimegeuka rangi,
cheusi cheusi, kama kiazi kilichopigwa na jalidi,
ukikishika unajua ndani kimeshakufa.

Ukurasa wa pili.
*Mzazi amejisikia kuwa na hatia?*
Binti anasoma bila kuinua macho,
kama anayeuliza namba ya simu.

Baiskeli. Magunia mawili.
Yeye juu ya magunia, kwa kuwa aliililia safari,
kwa kuwa mteremko ule anaupenda,
upepo ukimjaa mdomoni.
Kamba niliikagua. Niliikagua mara mbili.
Viazi nilivifunga.

"Baba?"

Naomba kalamu niandike mwenyewe.
Visanduku vinne, vidogo kama punje za mahindi,
na mkono wangu uliozoea jembe
hauoni pa kuingia.

Tusekile anachungulia karatasi.
"Wanauliza nini hapo?"
Wanauliza, mama, kama baba yako
huwa anaikumbuka ile siku.

Anaitazama ncha ya kalamu. Anaifikiria kweli kweli,
paji la uso limekunjana kama la mtu mzima.
"Thema kila thiku," ananong'oneza,
na kiganja chake, kile kile cha kwenye picha,
kinakuja taratibu
kunifunika mdomo mimi.