Siku ya Tatu

Jina la mji huu linaanza kwa herufi ambayo sina.
"Bandika ulimi kama unasema la," ananifunza Heulwen,
"halafu usiseme. Pumua pembeni."
Napumua. Mate yanaruka hadi kwenye birika la chai.
Mbwa wake ananyanyuka, anahamia chumba kingine.
Llanidloes.
Jioni nzima siipati.

Siku ya kwanza mimi ni mgeni, naoneshwa.
Naoneshwa soko la kale, pale njia zinapopandana:
nyumba ya mbao nyeusi na chokaa
juu ya miguu ya mwaloni,
kama mtu aliyepandisha nguo avuke maji,
karne nne sasa, na hajavuka.
Chini yake giza kidogo, na mawe
yaliyolainishwa na viatu vya wauza siagi.
Leo hakuna siagi. Kuna kijana kajikinga mvua,
anakula chipsi zilizolowa siki.
"Orofa zile za juu," anasema Heulwen, "zilijaa vitanda."
Si vya kulala. Vya mfumi.
Wafumaji wa flaneli, ambao mwaka mmoja walichoka,
wakadai kura, wakaletewa askari.
Anasema walichoka
kama anayesimulia habari za mjomba, za juzi.

Siku ya pili bado mgeni, nalishwa.
Vikeki vya zabibu kavu, moto kutoka bamba la chuma.
Mchuzi wa kondoo.
Mvua isiyonyesha, inayoning'inia tu.
Tunapanda kutafuta mto Hafren unakozaliwa.
Nilitarajia chemchemi, labda kishindo.
Ni kinamasi, na nguzo ya mti inayosema: hapa.
Maji yenyewe chai ya rangi.
"Huko chini unakuwa mkubwa," anasema,
"unabadilishwa jina, unapitisha meli.
Sisi tunaujua ulipokuwa unalowesha soksi."

Tumesharudi, ananionesha nyuma ya nyumba:
"Fy ngardd." Bustani yangu.
Nasimama.
Ng'. Ile ya ng'ombe, ya ng'ambo,
ya kung'oa na kung'ang'ania,
imeketi mwanzoni mwa neno
kama inavyoketi kwetu, bila kuomba radhi.
"Rudia," namwambia.
Anarudia. Nami nafuatisha, sawasawa, mara moja.
Mbwa anatikisa mkia.

Siku ya tatu, kwetu husema, mpe jembe.
Hawaijui methali hiyo. Wanaitenda.
Alfajiri mlango unagongwa: Tegwyn wa shamba la juu,
mwanawe ana homa, kondoo lazima washuke mnadani,
ukuta umebomoka mahali na hana wa kuziba pengo.
"Unaweza kuwa lango?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Nasimama penye pengo
ndani ya koti la marehemu mume wa Heulwen,
mifukoni kamba, msumari, peremende moja iliyoota manyoya.
Nimetanua mikono. Mvua imepata uzito.
Wanakuja kama ukuta ulioota miguu.
Jike mmoja, uso mweusi, anasita mbele yangu,
ananipima: mbao au mtu?
Najitahidi kuwa mbao.
Anageuka. Wote wanageuka.

Tegwyn anawahesabu wakipita.
Akifika kumi na nane hasemi kumi na nane,
anasema deunaw, tisa mbili,
kana kwamba hesabu nayo hupenda kutembea na mwenziwe.
Mwisho anatikisa kichwa. Kapungua mmoja.

Yuko nyuma yangu. Anakula.
Kapita saa ngapi, sijui. Lango gani mimi!
Namfukuza kwa ss, kwa shh, kwa hasira,
kisha kwa sauti ambayo sikuipanga,
pumzi imechomoka pembeni mwa ulimi.

Tegwyn anainua uso.
"Rudia," anasema.

Narudia. Imeshapotea.
Kondoo hata kichwa hainui.