Asiye na Maziwa

Nyangao, saa kumi alfajiri.
"Asinyonye mpaka apasuliwe," kasema muuguzi.
Somoe akatoka wodini, kanga imelowa kifuani;
mtoto akisikia harufu yake
hulia mpaka pumzi zinamkatika.

Nikampokea mimi, wifi mtu,
ninayesemwa Mnolela nzima: yule hajanyonyesha.
Bakili akanipekua, hakukuta kitu,
akalala.

Kaka yangu uani anamenya ming'oko,
anamenya tu. Hakuna anayekula.

Siku ya tatu mrija umetoka.
Mshono tumboni unauzidi urefu kidole changu.
Somoe anamnyonyesha taratibu, kama anayejifunza upya,
na jicho moja la mtoto linanitafuta.

Nipo, baba.
Nakunja kanga ya mama yako.
Nimeifua mara mbili, bado inanukia.